Pima Mia Moja Kwenda Chini: Mvuvi wa Hemingway na Kiswahili cha Wavuvi

Riwaya fupi ya Ernest Hemingway tunayoijua kwa jina la Mzee na Bahari ilitoka mara ya kwanza katika jarida la Life la Marekani, toleo la tarehe 1 Septemba 1952, na kisa chenyewe ni kisa cha Septemba. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer, na mwaka 1954 mwandishi wake akatunukiwa Nobel. Kiswahili nacho hakikubaki nyuma, kwani tunayo tarjuma ya Cyprian Tirumanywa, ambayo sikusudii kuipima hapa. Ninachokusudia ni kuuliza swali dogo ambalo limenikaa rohoni kila nikirejea asili ya Kiingereza: imekuwaje kitabu cha mvuvi tukakizoea kukisoma kana kwamba hakina uvuvi ndani yake?

Aghalabu darasani, na hata katika makala za wahakiki, Santiago hugeuzwa kuwa mfano wa subira. Siku 84 hakupata samaki. Siku ya 85 akanasa mkubwa kupita wote. Akashindana naye mchana na usiku hadi akamuua. Papa wakamla njiani. Mzee akarudi na mifupa. Funzo: usikate tamaa. Lau kitabu kingekuwa hicho tu, methali ya mvumilivu na mbivu ingetutosha, na tungeokoa karatasi. Tena mzee mwenyewe mbivu hakuila.

Mimi naona kwamba kitabu hiki kimesimama juu ya jambo moja, nalo ni umbali. Santiago ni mtu aliyejua mpaka uko wapi, akauvuka kwa hiari yake, kisha akaulipia. Asiyeuona mpaka huo hawezi kuuona uzito wa kuuvuka. Na mpaka wenyewe ni ule ambao kila mvuvi wa pwani yetu anaujua kwa jina: baina ya maji ya ndani na maji ya nje, baina ya mwamba na kilindi.

Ushahidi tunao kutoka kwa mwandishi mwenyewe. Mwaka 1936, miaka 16 kabla ya riwaya, Hemingway aliandika katika jarida la Esquire makala juu ya uvuvi wa Mkondo wa Ghuba, ule mto wa maji ya samawati unaopita kaskazini ya Kuba. Ndani yake mna kisa cha aya moja. Mzee mmoja alikuwa akivua peke yake karibu na Cabañas. Akanasa samaki mkubwa, na samaki huyo akamvuta na chombo chake hadi bahari kuu. Baada ya siku mbili wavuvi wenziwe wakamkuta maili 60 upande wa mashariki. Kichwa na sehemu ya mbele ya samaki vilikuwa vimefungwa ubavuni mwa chombo, na kilichobaki kilipopimwa kilitimia ratili 800. Papa walikuwa bado wakizunguka, na mzee analia kama aliyepotewa na akili.

Linganisha, msomaji, kisa hicho na riwaya. Mambo mengi yamebaki: mzee, upweke, papa, mifupa. Yaliyobadilika ni mawili, na hayo mawili ndiyo kitabu. Kwanza, mzee wa 1936 aliokolewa na watu. Santiago anajirudisha mwenyewe, usiku, akafunga chombo pasipo mtu wa kumpokea. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, mzee wa kwanza alivutwa na samaki hadi bahari kuu. Santiago amekwenda kwa makasia yake kabla samaki hajagusa chambo. Alipokuwa bado kitandani alikwishaazimia kwenda mbali. Kunapopambazuka anawaona wavuvi wengine nyuma yake, karibu na nchi kavu, vyombo vyao vimelala chini juu ya maji, naye haoni haja ya kusita. Mwandishi aliichukua ajali akaigeuza uamuzi. Ndiyo sababu mwishoni, mzee anapojiuliza ni nini kilichomshinda, hamtaji papa wala bahari wala uzee. Anautaja umbali aliokwenda. Na samaki wake, aliyekwishaliwa nusu, anamtaka radhi kwa sababu hiyo hiyo.

Basi tuifuate safari yake kama wavuvi, hatua kwa hatua. Anaanza gizani, akisikia makasia ya wenzake bila ya kuwaona. Anaiacha harufu ya nchi kavu nyuma yake. Hii ni alama ya kwanza, na nani katika sisi aliyewahi kurudi na chombo alfajiri asijue kwamba nchi hunukia kabla haijaonekana? Halafu anapita juu ya mahali ambapo wavuvi wa huko wamepaita kisima kikuu, ambapo sakafu ya bahari huporomoka ghafla hadi pima 700 na samaki wa kila namna hukusanyika. Huko amekwishahangaika juma zima bila faida. Leo anapapita. Anakwenda zaidi, wanakocheza makundi ya jodari na jamii zao, kwa matumaini kuwa chini yao yupo mkubwa anayewafuata.

Kwa Kiswahili hatua hizi zina majina tayari. Kuna pwani inayokauka wakati wa maji kupwa, ambako watu huokota, kuna ndani ya mwamba, maji ya changu na tasi, kuna mlango wa mwamba ambapo mkondo hupita, kuna nje ya mwamba, kuna kilindi, kisha bahari kuu. Wavuvi wa Unguja na wa Pemba hawayatumii maneno haya kwa hali moja, na sababu yake iko chini ya maji. Mlango wa bahari unaoitenga Unguja na bara ni wa maji mafupi, makumi ya mita tu. Ule unaoitenga Pemba umechimbika mamia ya mita. Mpemba wa magharibi anakipata kilindi karibu na mlango wa nyumba yake, na nduwaro na jodari wakubwa hupita humo. Kisima kikuu cha Santiago, akielezwa, hatahitaji tanbihi.

Hapa ndipo mfasiri anapopewa zawadi ambayo aghalabu huitupa. Hemingway anahesabu kina kwa kipimo cha mabaharia wa Kiingereza, ambacho ni urefu wa mikono miwili ikiwa imetandazwa. Kiswahili kinacho kipimo hicho hicho, kimetoka katika kiwiliwili hicho hicho: pima. Mvuvi huunyosha mshipi mbele ya kifua, mkono huku na mkono kule, na kila mtando mmoja ni pima moja. Santiago ameshusha chambo kimoja pima 40, cha pili pima 75, na viwili vya mwisho pima 100 na pima 125. Samaki anauma kwenye pima 100. Mfasiri anayeandika mita 183 amefanya hesabu sahihi na ameua sentensi. Mita haina kifua. Pima mia moja ni mtu aliyetandaza mikono yake mara mia, mmoja juu ya mwingine, hadi kwenye giza ambamo kitu kimeshika upande wa pili. Na kitabu kizima ni hicho: mzee juu, samaki chini, na mikono ya mzee katikati yao ikichanika.

Juu ya majina ya samaki kuna mtego mmoja ambao ni lazima nionye wanaochipukia katika kazi hii. Katika asili ya Kiingereza Santiago anamvua, anamuua na kumla mbichi samaki ambaye jina lake la Kiingereza ni lile lile la pomboo. Mfasiri wa haraka atafungua kamusi, ataandika pomboo, na msomaji wa Kizimkazi atakifunga kitabu kwa karaha. Siye pomboo. Ni yule samaki wa rangi ya dhahabu na kijani, paji la uso limesimama kama ukuta, ambaye rangi zake hufifia mara tu anapokufa. Baadhi ya wavuvi wetu humwita fulusi. Wahispania humwita dorado, yaani wa dhahabu, na sikio la Kiswahili haliko mbali, maana katika fulusi husikika sarafu. Pomboo wamo kitabuni, lakini katika ukurasa mwingine: wanakuja usiku, dume na jike, wakipumua kando ya chombo, na mzee anawapenda. Akiwachanganya hao wawili, mfasiri atakuwa amemfanya Santiago ale marafiki zake.

Samaki mkuu mwenyewe ninamwita nduwaro. Wengine watapendelea sulisuli, na majina haya huingiliana kutoka bandari hadi bandari; mimi nimezoea kumwachia sulisuli yule mwenye tanga mgongoni. Kwa panzi wanaoruka juu ya maji hakuna ugomvi. Kwa chombo nasema kidau, kwa kuwa ni cha mbao, hakina mitengo ya ngalawa, na mtumbwi si wake. Kamusi zetu hazitusaidii sana hapa. Ukitafuta samaki kumi utapata mara kumi maelezo yale yale, kwamba ni aina ya samaki wa baharini. Hilo hata paka wa Darajani analijua.

Sasa nije kwenye Septemba. Kiswahili cha vitabu vya jiografia kinatupa majira ya kupukutika kwa majani, na kwa nchi za baridi jina hilo ni halali. Bahari haina majani ya kupukutika. Katika pwani ya joto majira hayo huingia kwa mlango mwingine. Santiago anamkumbusha kijana Manolin kwamba wako Septemba, mwezi wa samaki wakubwa, na kwamba kuvua mwezi wa Mei si jambo la kujisifia. Kadhalika kuna ndege mdogo anayetokea kaskazini, amechoka, anatua juu ya mshipi uliokaza. Mzee anazungumza naye na anawafikiria vipanga watakaotoka kumpokea. Wahakiki humwona ndege huyu kuwa ishara ya upweke. Sawa, lakini kwanza ni ndege anayehama, na kuhama kwake ndiyo kalenda ya kitabu. Na kuna tufani. Mzee anajua kuwa katika miezi ya tufani, siku isiyo na tufani ndiyo siku nzuri kuliko zote za mwaka, na kwamba aliye baharini huziona dalili zake mbinguni siku kadhaa mapema. Kwa hiyo uzuri wote wa bahari tunaoonyeshwa ni uzuri wa mwezi wa hatari. Kila ukurasa wa maji matulivu umeandikwa juu ya hofu isiyotajwa zaidi ya mara moja.

Msomaji wetu hofu hiyo haimfikii. Tufani kwetu ni mgeni wa nadra, na akija haji Septemba: ile iliyoivunja Unguja ilikuwa Aprili 1872, na Hidaya ilipiga karibu na Mafia Mei 2024. Septemba kwetu ni demani, upepo wa kusi umeanza kuchoka. Kisha huja tanga mbili, pepo zikipokezana zamu, na baadaye kaskazi na wavuvi wa dago. Je, mfasiri aandike demani mahali pa Septemba? Wapo watakaosema ndiyo, ili maandishi yanukie pwani. Mimi sikubali. Demani ni mali ya Bahari ya Hindi. Haipulizi Havana, na kumpa Santiago upepo wetu ni kumnyang'anya wake. Pima ni jambo jingine, kwa kuwa mikono ya binadamu ina urefu ule ule kila bahari. Lililo la mwili lichukuliwe, lililo la anga liachwe lilipo. Septemba ibaki Septemba, na mfasiri amwachie mzee aieleze kwa samaki, ndege na mawingu, kama alivyoieleza.

Nimefika penye fundo gumu kuliko yote, na hapa nitakawia. Santiago huitaja bahari kwa namna ya kike, kama wanavyoitaja kwa Kihispania wale wanaoipenda. Vijana wenye maboya na mashua za mota, waliotajirika kwa maini ya papa, huitaja kwa namna ya kiume: kwao ni mshindani, au mahali, au hata adui. Herufi mbili za Kihispania zinagawa vizazi viwili vya wavuvi na njia mbili za kuishi. Kiswahili hakina kiume na kike katika nomino zake. Tufanyeje?

Nimeona na kusikia mapendekezo kadhaa. Kuna anayetaka kuongeza neno mama, na mara moja tunapata shairi la kuadhimisha sikukuu. Kuna anayetaka Bi Bahari, ambalo kwa sikio la Mzanzibari ni jina la mtu wa mtaa wa pili. Kuna anayeacha maneno ya Kihispania yalivyo na kuyaeleza. Huyo ni mwaminifu, lakini maelezo si fasihi. Ninalopendekeza ni kutumia silaha ambayo Kihispania hakina. Sisi hatutofautishi mwanamume na mwanamke, ila tunatofautisha chenye roho na kisicho na roho. Vijana wa mota waseme kama sisi sote: bahari imetoa, bahari imenyima. Santiago peke yake, katika fikra zake, aseme: bahari ametoa, bahari amenyima, hakuweza kujizuia. Msomaji atashtuka mara ya kwanza, na atadhani ni kosa la mpiga chapa. Mara ya tatu atakuwa ameelewa kwamba kwa mzee huyu bahari ni mtu.

Najua kinachopotea. Inapotea fikra ya mzee kwamba mwezi humwathiri bahari kama unavyomwathiri mwanamke. Hiyo itabidi isimame bila msaada wa sarufi. Pengine haidhuru sana. Riwaya hii haina la maana la kusema juu ya wanawake: mke wa Santiago ni picha iliyotolewa ukutani na kufichwa chini ya shati. Pwani yake ya ndani ni tupu. Kwetu maji yanapokupwa wakati wa bamvua, wanaojaa juu ya mwamba kutafuta pweza na chaza ni wanawake, na elimu yao ya ile nusu saa baina ya maji kukauka na maji kurudi haina upungufu mbele ya elimu ya mvuvi wa kilindini. Hemingway aliitazama pwani kutoka baharini tu. Huu naona ni ufinyu wake, kama ninavyoona kuwa mlingoti anaoubeba mzee begani na mikono yake yenye majeraha vimetiwa chumvi ya Injili kupita kiasi. Bahari ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Kwa upande wa pili Kiswahili kinampa asichokuwa nacho. Samaki kwetu ni yeye, tangu mwanzo, bila ya juhudi. Na mzee anapomwita samaki ndugu, neno letu ni pana kuliko la Kiingereza, linachukua aliyezaliwa nawe, wa ukoo, na hata yule wa mkutano wa chama. Msomaji wa umri wangu atatabasamu kidogo, kisha atanyamaza, maana hatuui ndugu.

Nimesema maneno tunayo. Sharti niongeze: bado. Mashua za mota za kitabu cha 1952 zimekwishafika kwetu zamani, na mtambo wa setilaiti unampeleka kijana moja kwa moja mahali ambapo babu yake alipatambua kwa kulinganisha minazi na kilima. Simlaumu kijana, bahari ni ngumu na tumbo halingoji. Ila neno lisilotumika kazini haliishi muda mrefu mdomoni, na mahali pekee linapoweza kuhifadhiwa likiwa hai ni katika fasihi. Ahmad Sheikh Nabhany alilijua hilo alipotunga Sambo ya Kiwandeo, iliyochapwa 1979, utenzi ambao ndani yake chombo cha Amu kinaundwa na kusafiri na kila kiungo chake kinatajwa. Haji Gora Haji wa Tumbatu, ambaye diwani yake Kimbunga ilitoka 1994, alikuwa mvuvi na baharia kabla ya kujulikana kuwa mshairi, na ndiyo maana bahari katika tungo zake haijawahi kuwa pambo. Wote wawili wametutoka. Mfasiri wa Hemingway anayewapita hawa na kwenda moja kwa moja kwenye kamusi anaziba kisima kilicho uani kwake.

Naandika haya nikijua kwamba atatokea mwingine wa kukifasiri upya kitabu hiki; vitabu vikubwa hudai tarjuma mpya kila kizazi. Atakapofika kurasa za mwisho atakutana na watalii wawili katika mkahawa, wakiutazama uti mrefu wa mgongo unaoelea kwenye takataka za bandari. Mhudumu anajaribu kuwaeleza yaliyompata samaki, analitaja jina la papa, kwanza kwa Kihispania na kisha kwa Kiingereza chake kilichovunjika, na mwanamke anaelewa kwamba mifupa ile ni ya papa. Nashauri neno tiburón liachwe kama lilivyo na Kiswahili cha mhudumu kivunjwe kidogo tu, kichekesho kisije kikaizidi huzuni.

Lakini kabla ya watalii kuna mvuvi mmoja, suruali imekunjwa, amesimama majini asubuhi na kipande cha kamba, anaupima mzoga uliofungwa ubavuni mwa kidau wakati mzee amelala. Anamwambia Manolin kuwa ni futi 18 kutoka puani hadi mkiani. Futi hizo mfasiri asizigeuze mita. Ni pima 3 kamili: kamba inyooshwe kifuani mara moja, na mara ya pili, na mara ya tatu, na kijana asimame akihesabu.